Mkono wa Gia Ukilegea: Bushi, Kebo au Mkono Mzima?

Probox na Fielder nyingi zinazopanda Mbooni au kukata barabara za murram za Kitui zilitoka Japani zikiwa zimeshatumika miaka mingi. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari kuukuu lisilozidi miaka 8. Bushi za plastiki za kebo ya gia huingia nchini zimechoka tayari. Joto na vumbi la huku humalizia.

Mkono wa gari la oto ukianza kucheza, fundi wa kwanza huenda akakutuma ununue mkono mzima. Usitoe pesa bado. Ukicheza kushoto na kulia tu, mara nyingi bolti za kitako zimelegea, na kuzikaza ni kazi ndogo. Ukicheza mbele na nyuma, hapo pana hatari: unaweza kudhani umeweka P kumbe giaboksi imebaki R au N, na kwenye miteremko ya Mbooni gari litaondoka lenyewe. Vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu, zima injini, washa swichi, kanyaga breki. Mwenzako asogeze mkono huku fundi akitazama pale kebo inaposhika giaboksi. Kebo ikisogea na giaboksi isiitike, bushi imeisha.

Bushi mpya huuzwa mamia ya shilingi. Kebo au mkono wa eks-Japani ni maelfu. Tena huo mkono una plastiki yenye umri sawa na ya kwako, kwa hiyo mimi sioni faida yake ila chuma kikiwa kimevunjika. Kufunga kwa waya au mpira wa tyubu ni karibu bure, lakini kukufikishe gereji tu.

Bushi ikikosekana Wote au Kitui mjini, usisafiri kuifuata. Nauli ya kwenda na kurudi Nairobi yaweza kuipita bei yake. Mtumie muuzaji wa Kirinyaga Road picha na namba ya chesisi, kifurushi kije na matatu. Fundi wa leithi naye anaweza kukuchongea ya nailoni. Ya chuma ikatae, hukwaruza na kupitisha mtetemo.

Kabla ya kulipa, jaribu kuwasha gari kwenye kila gia, mguu ukiwa kwenye breki. Linapaswa kuwaka kwenye P na N pekee. Likiwaka kwenye R au D, mrudishie fundi ufunguo.