Kola, kamba na subira: namna ya kumwandaa mbwa kabla ya siku ya chanjo

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa huonekana kuwa jambo jepesi. Wananchi hutangaziwa mahali na saa, na kila mwenye mbwa hutakiwa kumleta achomwe sindano. Hata hivyo, wapo mbwa wasiofika uwanjani, na si kwa sababu wenye nao wamekataa. Mbwa hao hawajapata kufungwa kamba tangu wazaliwe. Wakivutwa hulala chini, hukurupuka, au humuuma anayewashika. Mbwa asiyeongozeka hubaki nyumbani bila kinga, na watoto wa nyumba hiyo hubaki hatarini pamoja naye.

Hatari yenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba hadi asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa huupata ugonjwa huo kutoka kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa, wapatao 4 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu huzuilika kwa kuwachanja mbwa. Wataalamu wanaeleza kuwa chanjo ikiwafikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani, maambukizi hupungua hadi kukatika. Katika kisiwa cha Pemba, nchini Tanzania, kampeni za chanjo ziliutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014. Ulirejea mwaka 2016, ukazimwa tena mwaka 2018 baada ya mbwa kuchanjwa upya kwa wingi. Nchini Kenya, mpango wa taifa ulioanza mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Mipango ya namna hii hutegemea, pamoja na mengine, mwenye mbwa aweze kumfikisha mnyama wake mbele ya daktari wa mifugo.

Kola ipi inafaa?

Mkanda wa shingoni, ambao wengi huuita kola, kazi yake ni kushikilia kamba. Haumfundishi mbwa kitu. Kwa mbwa walio wengi, mkanda bapa wa ngozi, wa nailoni au wa kitambaa kigumu, wenye kifungo kisichofyatuka, unatosha. Kwa mbwa wa umbo la kawaida, upana wa vidole viwili ni mzuri, kwa kuwa mkanda mpana hautawanyi maumivu mahali pamoja kama uzi mwembamba. Ukishaufunga, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Vikipita vitatu au vinne, mbwa atauchomoa kichwani akiogopa. Visipopita, mkanda unambana. Mtoto wa mbwa hukua upesi, hivyo kipimo hicho kirudiwe kila wiki.

Mkanda wa kifuani, unaozunguka kifua na kupita nyuma ya miguu ya mbele, unafaa zaidi kwa mbwa mwenye tabia ya kuvuta, mwenye shingo nyembamba, au anayekohoa. Mbwa anayevuta kwa shingo hujikaba koo, na uchunguzi wa madaktari wa mifugo umeonyesha kwamba hata shinikizo ndani ya macho yake huongezeka.

Vipo vifaa vya kuepukwa. Waya na kamba nyembamba ya katani hukata ngozi, na kidonda cha shingoni hufichwa na manyoya hadi kitoe funza. Mnyororo wa kukaba, kola yenye meno ya chuma na kola ya umeme hufanya kazi kwa kumtia mnyama maumivu. Wales ilipiga marufuku kola ya umeme mwaka 2010, na tangu mwaka 2022 sheria ya Ujerumani hairuhusu kola yenye meno kutumika katika mafunzo. Mbali na ukatili wake, maumivu yana kasoro nyingine: mbwa huyahusisha na kile anachokitazama wakati huo. Akiumizwa kila anapomwona mtoto au mbwa mwenzake, atajifunza kuwachukia.

Kuhusu kamba, urefu wa mita 1.5 hadi 2 unatosha. Iwe ya kitambaa au ngozi, kwa maana mnyororo humjeruhi mwenye kuushika. Kamba isizungushwe kiganjani wala kufungwa kiunoni mwa mtoto.

Mafunzo ya wiki tatu

Kosa lililoenea ni kumfunga mbwa kamba kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku ya chanjo. Mnyama anayevutwa ghafla huvuta upande wa pili. Hiyo ni tabia ya maumbile. Kadiri mtu anavyozidisha nguvu ndivyo mbwa anavyozidi kukaza miguu. Kwa hiyo mafunzo yaanze wiki tatu kabla, kwa vipindi vya dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku.

Katika wiki ya kwanza, mvishe kola wakati wa chakula, kisha ivue. Akiizoea, iache kwa muda mrefu zaidi. Baadaye funga kamba na umwache aiburute uani huku ukimtazama, ili isinase mahali.

Katika wiki ya pili, shika kamba bila kumvuta. Simama, mwite kwa jina, na akikujia mpe tonge dogo: dagaa mmoja, kipande cha ini, au ugali uliochovywa mchuzi. Tembea hatua chache. Kamba ikilegea, mpe tuzo kando ya mguu wako. Ikikazika, simama kimya. Mbwa akigeuka au kurudi nyuma hata kidogo, endelea na safari. Hapo ndipo ulipo msingi wa somo lote. Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta kumemfikisha anakotaka. Akigundua kwamba kamba iliyokazika haifiki popote, na iliyolegea humpeleka mbele, atachagua iliyolegea. Tuzo itolewe papo hapo, kwani ikicheleweshwa hata kwa sekunde chache, mbwa hajui analipwa kwa jambo gani.

Katika wiki ya tatu, toka uani uende njiani, kisha karibu na watu na mbwa wengine, ukianza kwa mbali. Mzoeshe pia kuguswa mabega na mapaja, kwa kuwa daktari atamshika hapo.

Njia hii ya tuzo haitumiki kwa mbwa wa nyumbani peke yao. Huko Usa River, karibu na Arusha, mbwa wa shirika la African Wildlife Foundation hufundishwa kunusa pembe za ndovu zinazofichwa katika mizigo, na ujira wao ni kuchezeshwa mpira.

Siku yenyewe

Mbwa aletwe na mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia. Foleni iwe na nafasi ya mita kadhaa kati ya mbwa na mbwa, kwani ugomvi mwingi huzuka wanapokaribiana wakiwa wamefungwa. Watoto wa mbwa nao waletwe. Katika baadhi ya kampeni, mbwa aliyechanjwa huvishwa kola ya rangi maalumu. Isivuliwe hadi kampeni imalizike, kwa kuwa ndiyo inayowawezesha maofisa kuhesabu waliochanjwa.

Tahadhari moja ni muhimu kuliko zote. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayepepesuka au kuuma bila kuchokozwa, asifungwe kamba na mtu wa kawaida. Watu na wanyama waondolewe karibu naye, na ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anajulikana.