Wapiga Gitaa wa Kakuma Waulizwe

Yamkini msomaji atashangaa kuona mwalimu wa isimu akiandika juu ya kanyagio la gitaa. Hata hivyo, kifaa hicho kidogo cha chuma, kibonyezwacho kwa mguu ili kubadili sauti ya gitaa la umeme, kina somo kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Mwaka 1962 kulitokea Marekani kanyagio liitwalo Maestro Fuzz-Tone, na tangu hapo vifaa vya jamii hiyo vimeenea ulimwenguni. Aghalabu kanyagio la kukwaruza sauti huwa na vitufe vitatu vya kuzungusha, vilivyoandikwa kwa Kiingereza: Drive, Tone na Level. Mfasiri aliyejifungia na kamusi atatuletea "endesha", "toni" na "kiwango". Maneno hayo hayamfai mpigaji. Kitufe cha kwanza hakiendeshi chochote. Hukuza mawimbi ya umeme yatokayo kwenye gitaa hata vilele vyake vikakatwa, na sauti ikakwaruza. Cha pili huifanya sauti kuwa kali au nzito. Cha tatu huamua itoke kubwa kiasi gani. Kwa maoni yangu, "mkwaruzo", "ukali" na "ukubwa" yangefaa zaidi.

Lakini maoni yangu pekee hayatoshi, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpigaji ndiye ajuaye kwamba, katika makanyagio mengi, betri ya volti 9 huanza kuliwa mara tu waya wa gitaa unapochomekwa, hata taa isipowaka. Ndiye ajuaye pia kwamba vumbi likipenya ndani, kitufe hukwaruza pasipotakiwa. Mambo hayo yana uzito mkubwa katika nchi kavu ya Turkana. Asiyeelewa maelezo ya Kiingereza huyajua baada ya hasara.

Kwa nini Kakuma? Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Wakongo wanatoka katika nchi ambayo wapigaji wake wamekwisha kutuonyesha njia. Wao hutofautisha gitaa la solo na la mi-solo, yaani nusu-solo, lililo kati ya solo na lile la kusindikiza. Jina hilo lilizaliwa jukwaani, si katika kamati, na wanamuziki wa Afrika Mashariki wanalielewa.

Kwa hiyo napendekeza walimu wa Kakuma na Lodwar, miji iliyo umbali wa kilomita zipatazo 120, wawatume wanafunzi kwa wapigaji wa bendi na wa makanisani. Wawaulize mambo matatu: kitufe kipi hukizungusha kwanza, hukiitaje, na kinawasumbua kwa lipi? Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilichoko Lodwar kingeweza kuikusanya orodha hiyo.

Wapo watakaosema kwamba majibu yatatofautiana, na istilahi hupenda umoja. Ni kweli. Lakini usanifishaji ni kuchagua, na hatuwezi kuchagua tusichokisikia. Maadamu Kiswahili kinatahiniwa kwa lazima katika shule za Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mwanafunzi wa Turkana anastahili kujifunza kwamba naye anaweza kuwa chanzo cha istilahi, si mpokeaji tu wa zile zilizotungwa mbali naye.