Mikate ya Wagibeoni

 Natumaini simu zenu ziko karibu, maana leo ndizo nitakazozungumzia.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9, tunasoma habari za watu wa mji wa Gibeoni. Walipopata habari za Yeriko na Ai waliogopa, wakatunga hila. Wakapakia punda wao magunia makuukuu, wakavaa viatu vyenye viraka, wakachukua mikate mikavu iliyoota ukungu. Wakamwendea Yoshua kambini Gilgali, wakadai wametoka nchi ya mbali sana, wakaomba agano. Wazee wa Israeli wakaitazama ile mikate, wakaona kweli ni ya zamani. Wakaapa. Baada ya siku tatu wakapata habari ya kwamba wageni wale ni jirani zao, wakaao ng'ambo ya vilima tu.

Angalieni vizuri kosa lilikuwa wapi. Si kwamba wazee hawakuchunguza. Walichunguza! Lakini walichunguza kile tu alichokuja nacho mgeni mwenyewe. Hakuna aliyetumwa apande kilima akatazame, wala hakuna aliyemwuliza Mungu.

Nimeikumbuka sura hii kwa sababu ya mama mmoja wa parishi yetu. Ni mjane, na kwa miaka tisa amekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, wala senti moja haijapata kupotea mkononi mwake. Kikundi kilikuwa kinachanga fedha za kununua viti na hema la kukodisha kwenye matanga na harusi. Zilikuwa zimefika shilingi 38,000, nazo zilikaa katika simu yake.

Siku moja mchana, akiwa anachambua maharagwe, ujumbe uliingia ukisema amepokea shilingi 9,500. Kabla hajamaliza kuusoma, simu ikalia. Kijana analia. "Mama, nimekosea nambari, hizo ni pesa za dawa ya mamangu, yuko hospitali, tafadhali nirudishie." Mama yetu ana wana wake watatu. Alirudisha pesa zile upesi, akamwombea na mgonjwa.

Ule ujumbe ulikuwa mkate wa Wagibeoni. Hakuna pesa yoyote iliyoingia. Yule kijana aliyaandika maneno yale mwenyewe, kwa mfano wa ujumbe wa M-Pesa, akautuma kutoka simu ya kawaida. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, ukakaa pamoja na zile za zamani. Huu ulikuja peke yake, na juu yake palikuwa na nambari ya mtu. Lakini ni nani atazamaye juu ya ujumbe wakati mtu analia sikioni mwake? Shilingi 9,500 alizorudisha zilitoka katika zile 38,000 za kikundi. Kama angefungua simu yake mwenyewe akauliza salio, angeona halijaongezeka hata shilingi moja. Hicho ndicho kilima ambacho hakuna aliyetumwa kukipanda.

Ziko siku ambazo pesa huingia kwa kweli kwa makosa, na Mkristo hapaswi kula ya mwenzake. Hata hivyo usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea aiombe kampuni izirejeshe. Katika Safaricom hupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456. Maana wapo wanaotuma pesa halisi, wakakulilia hata ukazirudisha, kisha wakaenda kuiomba kampuni izirejeshe mara ya pili kutoka kwako. Wewe usizitumie, ziache zilipo.

Sasa turudi kwa mama. Haikupita robo saa, akapigiwa tena. Safari hii ni sauti ya mtu mzima, mwenye adabu, akisema anatoka katika kampuni ya simu, akamwita kwa majina yake kamili. Mama aliniambia hilo ndilo lililomtuliza: "Mchungaji, alinijua." Lakini majina alikwisha kuyapata, kwa kuwa M-Pesa humwonyesha mpokeaji jina la yule aliyetuma. Na kama si hivyo, jina lako, nambari ya simu na ya kitambulisho umeziandika mara ngapi katika madaftari ya malangoni mjini, pale bawabu anapokuzuia kuingia? Kujuliwa jina si ushuhuda wa kitu.

Yule bwana akamwambia kuna tapeli aliyeingilia laini yake. Fikirini, tapeli akimwonya mtu juu ya tapeli! Akamwuliza salio ni ngapi ili wahakikishe liko salama, naye akamsomea. Kisha akamwongoza hatua kwa hatua bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Fungua M-Pesa. Chagua kutuma pesa, ndipo tuizuie ile ya mwizi. Andika nambari hii ya huduma. Andika nambari ya kumbukumbu, 28000. Sasa weka nambari yako ya siri, wala usiniambie, ni siri yako. Akaiweka. Ile nambari ya huduma ilikuwa simu ya yule mtu, na ile nambari ya kumbukumbu ilikuwa shilingi 28,000. Katika hazina ya kikundi zikabaki mia chache tu.

Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na tangu hapo imetuondolea hatari nyingi za kusafiri na pesa mfukoni. Lakini kabla yake mwizi alikuwa hana budi kuja mpaka nyumbani kwako, mbwa wakabweka. Siku hizi hukupata ukiwa na maharagwe magotini, na kitu pekee anachokihitaji ni kwamba usikate simu. Ndiyo sababu kila hila yao ina haraka ndani yake. Mwingine hupiga akikuita "Mzazi", akasema mtoto wako ameanguka shuleni, yuko hospitali, daktari anangoja malipo. Siku hizi yasemekana hata sauti ya jamaa yako inaweza kuigwa kwa mashine ikatoka karibu kama yenyewe. Basi nyumbani kwenu chagueni neno moja ambalo ninyi tu mnalijua, awezalo kuulizwa mtoto akiomba pesa kwa ghafula. Au kata simu, kisha upige wewe kwa nambari ya shule uliyo nayo tangu zamani. Usipite katika mlango uliofunguliwa na yeye. Safaricom imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na nambari za walaghai hupokewa kwa ujumbe wa bure kwa 333.

Iko hila nyingine ya wizi wa laini yenyewe. Mlaghai akiwa na nambari ya kitambulisho chako na tarehe ya kuzaliwa, huenda kwa wakala akajifanya ni wewe uliyepoteza simu, akapewa kadi mpya. Simu yako hufa mtandao ghafula, na wewe wadhani ni mvua. Kumbe ujumbe wako wote, hata wa benki, unamfikia yeye. Mtandao ukipotea hivyo huku jirani zako wanao, usingoje kesho. Tafuta simu nyingine uulize. Wenye laini za Safaricom waweza kubonyeza *100*100# ili laini isibadilishwe kwa wakala pasipo wao kujua.

Na barua-pepe? Hapa nitajishtaki mwenyewe. Nilipata barua kutoka kwa mjane wa ng'ambo, mgonjwa wa saratani, asiye na mtoto, aliyeongozwa na Bwana (ndivyo alivyoandika) aliachie kanisa letu dola milioni kadhaa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha. Lakini paa la kanisa letu linavuja upande wa kwaya, nami niliisoma barua ile mara mbili kabla sijaifuta. Mara mbili! Kama ningejibu, ingefuata ada ndogo ya wakili, kisha kodi, kisha hati ya benki. Ile ada ndogo ndiyo biashara yote. Milioni hazipo wala hazikuwapo.

Wengi huuliza kwa nini barua hizi zimejaa makosa hivi, kana kwamba tapeli hakusoma. Mwaka 2012 mtafiti mmoja wa kampuni ya Microsoft, Cormac Herley, alieleza jambo hili kwa njia iliyonishangaza. Alisema tapeli hupata hasara akiandikiana majuma mengi na mtu ambaye mwishoni atashtuka. Basi uongo ulio wazi humfaa, kwa kuwa mwenye kutia shaka hujiondoa mapema, wakabaki wachache watakaokwenda naye mpaka mwisho. Barua mbaya ni chekecheo. Kwa hiyo usimjibu hata kwa kumkemea au kumhubiria. Najua wachungaji wenzangu wengine hupenda kuwahubiria. Ukijibu umemwambia kwamba barua imefika na kwamba yuko mtu wa kuzungumza naye.

Nisingewaletea habari za mama yule kama jambo lingeishia kwenye fedha. Alikaa siku 11 bila kumwambia mtu. Akazifuta zile ujumbe zote, asizione tena. Akaacha kuja ibadani, akasema ni miguu. Siku ya kikao wenzake walipouliza habari za viti, akalia, na kabla ya jioni maneno yalikuwa yamekwisha enea kijijini kwamba amezila. Miaka tisa ikafutwa katika alasiri moja.

Nami nilipokwenda kumwona, neno langu la kwanza lilikuwa, "Mama, kwani hukujua?" Ningetoa kitu kikubwa kulirudisha neno lile. Hakunijibu, alitazama chini tu. Nilikuwa nimemwuliza swali ambalo amejiuliza usiku 11.

Hapo ndipo aibu inapomtumikia mwizi kuliko hila zake zote. Katika saa ile ya kwanza, pengine fedha bado zimo katika laini ya mlaghai, na kampuni ikipewa habari upesi yaweza kuzizuia. Akikwisha kuzitoa kwa ajenti, hakuna wa kuzirudisha. Basi ukitapeliwa piga simu kwa kampuni papo hapo, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe nambari ya OB. Tangu mwaka 2018 nchi yetu ina sheria ya uhalifu wa kompyuta na mitandao, na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake. Wala usifute kitu, hata kama kukiona kunakuchoma.

Kilichomwokoa mama jina lake ni karatasi. Tulimwomba kijana mmoja wa parishi amsaidie kuiomba kampuni taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule. Humo zilionekana shilingi 9,500, na baada ya dakika chache shilingi 28,000, zote kwa watu wasiojulikana na yeyote kati yetu. Nilizisoma mbele ya kikundi. Kisha nikawasomea Yoshua 9, hata pale mkutano wote ulipowanung'unikia wakuu wake kwa kudanganywa. Nikawauliza kama walipata kusikia kwamba Yoshua aliondolewa. Katika sura ya 10 yeye ndiye aendaye usiku kucha kuwatetea hao hao Wagibeoni. Akina mama wakanyamaza. Mmoja wao, ambaye sitamtaja, akatoka nje kwa muda, na aliporudi akaenda kuketi karibu na mweka hazina.

Fedha hazikurudi, wala sidhani zitarudi. Kikundi kimeanza kuchanga upya, kila mmoja shilingi 200 kwa juma. Sasa zinawekwa benki, katika hesabu ambayo haitoi kitu mpaka watu watatu waweke sahihi. Jambo hilo tungalilifanya zamani, na lawama yake ni yangu na kamati, maana haikuwa haki kumwachia mtu mmoja mzigo wa wote katika simu yake. Ninyi mnaonisikiliza, kama fedha za kwaya, za vijana au za ujenzi ziko katika simu ya mtu mmoja mwaminifu, msimhurumie kwa maneno. Zitoeni humo juma hili.

Mama alikataa kuendelea kuwa mweka hazina. Kikundi nacho kikakataa kukataa kwake, na bado wanabishana. Juzi nilikuwa uani kwake simu ilipolia, nambari asiyoijua, na mtu akaanza kumweleza habari za zawadi aliyoshinda. Alimsikiliza kidogo. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa, "Ngoja mwanangu, niinjike chungu kwanza," akaiweka simu juu ya kigoda ikiwa bado inazungumza, akaenda kutafuta kuni. Aliporudi yule mtu alikuwa amekwisha kukata.