Jiko lenye paa refu: Mwanga ushuke hadi ilipo mikono

Saa moja usiku, nyumba nzima iko jikoni. Mama anakatakata mchicha kwenye kaunta, mafuta yanapata moto kwenye jiko la gesi, mtoto wa darasa la nne ameinamia daftari mezani akimalizia hesabu alizopewa shuleni, na mdogo wake anazungukazunguka miguuni mwa mama. Juu kabisa, kwenye boriti, inawaka balbu moja. Paa linaonekana vizuri. Mchicha hauonekani.

Hiyo ni kero ya familia nyingi zilizojenga nyumba za paa la wazi, zile ambazo hazikufungwa dari ya jipsamu, na mbao na boriti zake zimeachwa zionekane hadi kileleni. Mchana jiko la namna hiyo hupendeza, maana joto hupanda juu na chumba huonekana kikubwa. Jua likizama, mpishi hubaki akifanya kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe, kisu mkononi na mafuta ya moto mbele yake.

Sababu ya kwanza ni umbali. Katika jiko lenye dari ya mita 2.7, balbu huwa mita 1.8 hivi juu ya kaunta yenye kimo cha sentimita 90. Balbu hiyohiyo ikifungwa kwenye boriti iliyo mita 4.5 kutoka sakafuni, umbali unakuwa mita 3.6, yaani mara mbili. Mwanga unaofika moja kwa moja kwenye kaunta haupungui nusu. Unabaki robo, kwa sababu kadiri unavyosafiri ndivyo unavyotawanyika.

Sababu ya pili ni rangi. Mbao za rangi nzito, hasa zilizokwisha kushika masizi, humeza mwanga badala ya kuurudisha chini.

Wengi hukimbilia kufunga balbu kubwa zaidi hukohuko juu. Paa linang'aa na uniti zinakwenda mbio, lakini kivuli kinabaki palepale, kwa kuwa taa bado iko nyuma ya kichwa cha mpishi. Dawa ni kuushusha mwanga hadi ilipo mikono.

Jaribu kwa simu kwanza

Kabla ya kununua chochote, mzazi anaweza kufanya jaribio lisilo na gharama. Usiku, asimame anapokatia mboga, kisha anapooshea vyombo, kisha mbele ya jiko, aangalie kivuli chake kinaangukia wapi. Halafu mtu mwingine awashe tochi ya simu na kuishika mahali panapofikiriwa kufungwa taa: chini ya kabati, ukutani juu ya sinki, au juu ya meza. Kivuli kikiondoka na tochi isipochoma macho, hapo ndipo pa kuweka taa.

Sehemu tatu, swichi tatu

Ya kwanza ni taa ya kazi. Palipo na makabati ya ukutani, taa ya utepe au taa fupi ya LED hufungwa chini ya kabati, karibu na ukingo wa mbele, ili imulike kaunta bila kumulika macho. Pasipo na kabati, taa ya ukutani yenye kofia inayoelekeza mwanga chini inatosha. Karibu na sinki ichaguliwe taa iliyotengenezwa kustahimili maji yanayoruka. Kwenye boksi huandikwa IP44 au zaidi.

Ya pili ni taa ya meza. Hapa boriti inakuwa msaada, kwani taa inaweza kuning'inizwa kutoka kwenye boriti hadi ukingo wake wa chini ubaki sentimita 75 hadi 90 juu ya meza. Mtoto anaona daftari, na baadaye familia inaonana usoni wakati wa kula. Meza isisogezwesogezwe baada ya hapo, maana taa iliyobaki peke yake katikati ya njia itagonga vichwa.

Ya tatu ni taa ya paa lenyewe. Taa moja au mbili za ukutani, au zilizofichwa juu ya boriti za chini, zikielekezwa juu huondoa lile giza zito kileleni. Hizi hazihitaji nguvu kubwa. Kinachohitajika ni kila kundi kuwa na swichi yake, ili anayechemsha maziwa alfajiri asilazimike kuwasha jiko zima.

Taa za kuzamishwa kwenye mbao za paa lililoinama zina kasoro yake: nyingi hutazama pembeni kufuata mwinamo na kumulika watu usoni. Anayezitaka achague zile ambazo kichwa chake hugeuzwa kutazama chini.

Rangi nayo inasaidia. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina boriti, lakini kuta zake hupakwa chokaa nyeupe. Hata jikoni, kuta na mbao zilizo kati ya boriti zikipakwa rangi nyeupe au ya maziwa, boriti zenyewe zinaweza kubaki na rangi yake ya asili na mwanga bado ukarudi chini.

Hesabu ya umeme

Taa nyingi si lazima ziwe umeme mwingi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 9 kwa siku 30. LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribia huo, hutumia uniti 1.35. Kwa hiyo LED 3 za aina hiyo hutumia uniti 4.05, chini ya nusu ya balbu ile moja.

Kwenye boksi pia kuna namba ya rangi ya mwanga. Taa ya 3000K ina mwanga wa njano unaotuliza, ya 4000K ni nyeupe na hufaa kaunta, na ya 6500K ina weupe wa kuelekea samawati ambao wengi huuona mkali mno kwa meza ya chakula.

Usalama wa watoto

Nyaya zinazopita juu ya boriti ziwekwe ndani ya mabomba yake, maana huko juu panya hutafuna bila kuonekana. Taa nzito isining'inizwe kwa waya wake wa umeme. Itumie mnyororo na kulabu. Boriti inayobeba paa isikatwe wala kutobolewa hovyo ili kupitisha waya. Kazi hiyo apewe fundi umeme mwenye leseni, ambayo nchini Tanzania hutolewa na Ewura.

Mzazi ajiulize pia ni nani atakayebadilisha balbu. Iliyo mita 4.5 juu inahitaji ngazi ndefu na mtu wa kuishikilia, si stuli juu ya meza. Ni sababu nyingine ya kuweka taa muhimu mahali panapofikika.

Na paa refu lisimdanganye mtu kuhusu gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Harufu ikisikika, swichi isiguswe, iwe kuwasha au kuzima. Mtungi ufungwe, milango na madirisha yafunguliwe, watoto watolewe nje.

Umeme ukikatika, taa ndogo ya kuchaji inayokaa kaunta ni salama kuliko mshumaa au koroboi karibu na mbao na pazia.

Familia isiyo na fedha za kufanya yote ianze na taa moja, pale kisu kinapofanyia kazi. Ya meza itafuata kabla mitihani haijaanza. Ya paa inaweza kungoja hata mwaka mzima, kwa kuwa hakuna anayepika huko juu.