Gari la 1932, Bodi ya Juzi

Ndugu wafanyakazi, na hasa ninyi wa gereji, neno "bandia" mnalijua vizuri. Mteja akiletewa spea ambayo haikutoka kiwanda cha asili, huguna, na mara nyingi ana haki ya kuguna. Lakini huko Marekani iko kazi kubwa, tena ya halali, ya kutengeneza vipuri vya kuiga vya magari ya zamani. Mafundi wengi hula na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Inafaa tuitazame, maana ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu: heshima ya kazi ya mkono, na nguvu ya karatasi juu ya jasho la mtu.

Gari na waliolitengeneza

Tarehe 31 Machi 1932 kampuni ya Ford ilitangaza gari jipya lenye injini ya silinda nane na nguvu ya farasi 65. Bloku ya injini ile ilimiminwa kipande kimoja, kazi ngumu sana kwa gari la bei rahisi. Gari la wazi la aina hiyo liliuzwa chini ya dola 500. Hadi leo wapenzi wa magari huliimbia sifa.

Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba siku 24 kabla ya hapo, tarehe 7 Machi 1932, maelfu ya watu waliokosa kazi waliandamana kutoka Detroit kwenda kwenye kiwanda cha Ford cha Rouge, mjini Dearborn, katika baridi kali. Walidai kazi, matibabu, haki ya kuunda chama, na mwisho wa ubaguzi dhidi ya wafanyakazi weusi. Polisi na walinzi wa kampuni waliwafyatulia risasi. Wanne waliuawa, na wa tano akafa baadaye kwa majeraha. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilipata mkataba na Ford mwaka 1941, baada ya mgomo. Basi ukiona picha ya gari la 1932 linang'aa, kumbuka kwamba lilizaliwa mwezi mmoja na maiti hao.

Vijana wa California

Magari hayo yalipochakaa, yaliangukia mikononi mwa vijana wasio na fedha nyingi. Kusini mwa California walinunua Ford kuukuu kwa bei ndogo, wengine wakaokota vipande katika yadi za vyuma chakavu. Walitoa madigadi ili kupunguza uzito, wakabadili kabureta na kamshafti, kisha wakaenda kushindana kwa mwendo kwenye maziwa makavu ya jangwani kama Muroc na El Mirage. Magari hayo yakaitwa hoti rodi. Baada ya vita vya pili vya dunia kazi hiyo ilienea upesi. Gazeti la Hot Rod lilianza Januari 1948, na chama cha mashindano cha NHRA kikaundwa mwaka 1951.

Angalia jambo hili: mwanzo wake haukuwa anasa ya tajiri. Ulikuwa ufundi wa mtu anayetengeneza kitu kizuri kutokana na kile ambacho mwenzake amekitupa. Fundi wa kwetu anayefufua lori lililokufa miaka kumi anaielewa habari hii bila mkalimani.

Vipuri vya kuiga vinapatikana wapi?

Chuma hula kutu, na bodi za asili za 1932 hazizaliani. Kadiri miaka ilivyopita zilikuwa adimu na ghali. Hapo viwanda vidogo vikaingia. Wengine walitengeneza bodi za faiba, ambazo ni nyepesi na hazishiki kutu. Wengine walirudi kwenye chuma chenyewe. Katika mji wa Brookville, jimbo la Ohio, kiwanda cha Brookville Roadster hutengeneza bodi za chuma za kuiga Ford za Model A na za 1932. Leo mtu anaweza kununua fremu, bodi, taa, vishikio vya mlango, hata mipira ya madirisha, akaunda gari la umbo la 1932 ambalo ndani yake hamna kipande hata kimoja cha mwaka huo.

Asiyetaka vya kuiga huenda kwenye magulio ya vipuri vikuukuu. Gulio moja kubwa hufanyika kila Oktoba mjini Hershey, jimbo la Pennsylvania. Huko watu hutandaza vyuma chini kama wauza mitumba, na mnunuzi hupita akitafuta taa moja aliyoikosa kwa miaka mingi.

Mnunuzi mwenye akili huuliza maswali kabla ya kutoa fedha. Je, chuma hiki kina unene gani? Mashimo ya boliti yanalingana na fremu ya asili, au nitachomelea upya? Muuzaji atanipa risiti yenye jina la kiwanda? Na kama ni bodi nzima au gari la vipande, je, linakuja na cheti cha kiwanda cha kuonyesha lilikotoka? Swali hili la mwisho ndilo wengi hulisahau, na ndilo lenye maumivu.

Karatasi

Gari likikamilika, bado halijawa gari mbele ya serikali. Lazima liandikishwe, na huko kila jimbo lina sheria zake. Hapa kuna mafungu mawili ambayo mtu asiyachanganye.

Fungu la kwanza ni gari kuukuu la kweli. Huko California, kwa mfano, gari lililotengenezwa baada ya 1922, lenye umri wa miaka 25 au zaidi na thamani ya kihistoria, laweza kupewa namba za gari la historia. Ada huwa nafuu, lakini namba hizo ni za maonyesho na shughuli za wapenzi wa magari. Hazikutolewa ili mtu aende nalo kibaruani kila siku.

Fungu la pili ni gari lililoundwa na mtu kwa vipande. Hilo California huliita gari la muundo maalumu. Tatizo lake lilikuwa moshi. Gari la petroli la 1975 au la nyuma zaidi halipimwi moshi huko, lakini bodi iliyoundwa juzi ni ya mwaka gani? Sheria iliyopitishwa mwaka 2001, iitwayo SB 100, ilitoa njia: kila mwaka magari 500 ya kwanza yaweza kuhesabiwa kwa mwaka ambao bodi au injini yake inafanana nao. Magari 500 kwa jimbo zima! Kwa hiyo mwezi wa Januari wenye magari huwahi mapema, kama sisi tunavyowahi kwenye lango la kiwanda likitangazwa kuwa kuna nafasi.

Kitu kikuu katika kuandikisha ni namba ya fremu. Kwa Ford ya 1932 namba imegongwa juu ya fremu, na sehemu nyingine hufichwa na bodi. Kwa Model A namba iliyotumika ni ile ya injini. Injini ikibadilishwa, namba iliyo kwenye gari haipatani tena na kadi. Ndiyo maana wako wadanganyifu wanaonunua kadi ya gari lililokufa ili kulivisha gari jipya uzee wa uongo. Huo ni wizi. Anayenunua gari la namna hiyo kwa jasho lake ndiye atakayelia siku ya ukaguzi.

Lakini hata mkweli hulia. Mwaka 2017, katika jimbo la Kansas, mtu mmoja alipeleka Chevrolet Corvette ya 1959 ikaguliwe. Alikuwa ameinunua kihalali katika jimbo jingine. Wakaguzi waliona kwamba kibati cha namba kiliwahi kung'olewa na kurudishwa wakati gari lilipokarabatiwa. Yeye hakukigusa. Hata hivyo gari lilishikwa, na sheria ya wakati ule ilitaka liharibiwe. Shauri lilichukua miaka. Mwaka 2022 bunge la Kansas lilibadili sheria ili kumlinda mwenye gari kuukuu ambalo kibati chake kiling'olewa kwa sababu ya ukarabati tu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kuiga si kosa. Kosa ni kusema uongo juu ya kilichoigwa. Fundi wa Ohio anayekunja chuma kwa umbo la 1932 anafanya kazi ya heshima, mradi risiti inasema kweli. Nasi katika gereji zetu tuandike: hiki ni cha asili, hiki ni cha kuiga, hiki nimekichonga mwenyewe. Kabla ya kung'oa kibati chochote cha namba, muulize mwenye gari na mamlaka inayohusika, na uweke maandishi. Ukarabati usioandikwa huweza kuonekana kama wizi mbele ya mtu asiyekujua.

Pili, sheria hizo hazikubadilika zenyewe. Watengenezaji wa vipuri waliunda chama chao, SEMA, mwaka 1963, na chama hicho hupiga hodi kwa wabunge bila kuchoka. Mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria ya kuruhusu viwanda vidogo kuuza magari kamili ya kuiga, yasiyozidi 325 kwa mwaka kwa kila kiwanda. Kanuni za kuitekeleza zilichelewa hadi 2021, nao hawakuacha kudai.

SEMA si chama cha wafanyakazi. Ni chama cha wenye biashara. Ikiwa wenye mali, pamoja na mali yao, wameona kwamba mmoja mmoja hawasikiki, je, sisi tusio na mali ila mikono yetu tutasikika vipi tukiwa kila mtu na lwake?