Kioo kikipepesa, usikimbilie kufomati

Mwalimu yule wa sekondari aliingia kwa fundi akiwa ameifunga laptopu yake ndani ya kitenge, kama mtu anavyombeba mtoto mwenye homa. Hapa Kamina, mvua zikishakatika, vumbi jekundu hupenya kila mahali, na kitenge ndiyo kinga iliyo karibu. Akaiweka mezani, akaeleza: kioo kinapepesa, halafu kila kitu kinaganda, na pointi za wanafunzi wa madarasa matatu zimo humo ndani. Alikotoka walikuwa wamemwambia kuna dawa moja tu, kufomati.

Kijana wa kutengeneza hakushika bisibisi. Aliuliza swali moja: "Mama, ilianza kupepesa, au ilianza kuganda?"

Nilikuwa nimekaa pembeni nikisubiri simu yangu, na swali hilo nimelifikiria sana tangu siku ile. Sisi watumiaji tunauona ugonjwa mmoja: mashini imeharibika. Kumbe kupepesa na kuganda ni dalili mbili, na mara nyingi zinatoka sehemu mbili za mashini zisizohusiana kabisa. Wakati mwingine zina mzizi mmoja. Kujua ni lipi kati ya hayo mawili ndiyo kazi yote, na karibu kazi yote hiyo inaweza kufanyika kabla ya kufungua hata skrubu moja.

Mwalimu alifikiri kidogo. Kupepesa kulianza mwezi uliopita, alipokuwa anafungua laptopu. Kuganda kulikuja baadaye, kwenye siku hizi za vumbi.

Fundi akaiwasha, akashika kifuniko katikati ya ukingo wa juu, akakisogeza polepole: mbele kidogo, nyuma kidogo. Kwenye pembe moja picha ilitulia kama maji ya kisima. Aliposukuma kwa upana wa kidole tu, mistari ikapita juu hadi chini, rangi zikaruka. Akarudisha, ikatulia. Akafanya hivyo mara tatu ili mwenye mashini aone kwa macho yake. Programu haijui kama kifuniko kimeinama au kimesimama. Kinachojua ni waya unaopita kwenye bawaba.

Waya huo mafundi wa kwetu wanauita napu, neno walilolirithi kwa Kifaransa. Ni utepe mwembamba uliokusanya nyaya nyembamba kama unywele, unaotoka kwenye bodi kubwa chini ya kibodi, unapita kwenye bawaba, unapanda nyuma ya kioo. Fikiria kazi yake. Laptopu nyingi zinazotufikia zikiwa zimeshatumika kwingine zina kioo cha nukta 1366 kwa upana na 768 kwenda juu. Ukizidisha unapata nukta 1,049,088. Kila nukta ina vidirisha vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, na picha nzima huandikwa upya mara 60 kwa sekunde. Maana yake nukta karibu milioni 63 zinapita kwenye utepe huo kila sekunde, na kila moja lazima ifike mahali pake.

Na zinasafiri kwa umeme mdogo mno. Katika mfumo uliotumika kwenye laptopu kwa miaka mingi, tofauti kati ya ishara ya ndiyo na ya hapana ni kama volti 0.35. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, kwa hiyo ishara hiyo haifikii hata robo yake. Uzi mmoja ukianza kukatika ndani ya utepe, au kiungio chake kikilegea nusu milimita, ishara inafika nusunusu, na jicho lako linaona kioo kinachopepesa. Kila unapofungua na kufunga laptopu unaukunja utepe huo mahali palepale. Anayefungua kwa kuvuta pembe moja anaupinda na kuusokota pia.

Wala si ugonjwa wa mashini za bei rahisi. Mwaka 2016 Apple ilitoa MacBook Pro ambayo utepe wake wa kioo ulizungushwa juu ya bodi kila kifuniko kilipofunguliwa, na ulikuwa mfupi. Baada ya muda watu wakaanza kuona vivuli na mianga kama ya taa za jukwaani sehemu ya chini ya kioo, na wengine taa ikazimika kabisa kifuniko kilipofunguliwa sana. Wafunguaji mashini wa iFixit walipolinganisha na toleo la 2018 wakakuta utepe umerefushwa kwa milimita 2. Mwezi wa Mei 2019 Apple ikatangaza kwamba itazitengeneza bure zile za inchi 13 zilizopatwa. Milimita mbili tu ndizo zilizotenganisha mashini nzima na mashini ya kupeleka kwa fundi.

Kioo chenyewe hakitoi mwanga. Mwanga unatoka kwenye safu ya taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni, na vile vidirisha kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya mwanga. Kwa hiyo kuna kifo cha taa na kuna kifo cha picha, na havitibiwi sawa. Kioo kikiwa cheusi, zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu, uilaze karibu na kioo kwa mshazari. Ukiona kwa mbali kivuli cha maandishi, picha ipo, taa ndiyo imelala. Ni kipimo cha nusu dakika kisichogharimu kitu, na nimewaona watu wakinunua kioo kizima bila kukifanya.

Kijana akachomoa chaja, akatazama. Kupepesa hakukubadilika. Hilo nalo lilikuwa swali, na kwetu ni swali zito, kwa sababu mashini zetu zinakula umeme wa kila aina: wa shirika la umeme la SNEL unapokuwepo, wa jenereta, wa paneli za jua unaopita kwenye inveta. Chaja ya laptopu imeandikwa inapokea volti 100 hadi 240, na inatoa kama volti 19 za umeme wa mkondo mmoja. Uvumilivu huo ni mkubwa. Lakini chaja ya bandia, au inveta inayotoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, huingiza kelele ambayo kioo huionyesha kwa kutetemeka na kipanya kwa kurukaruka. Ukichomoa chaja na kioo kikatulia, acha kioo, shughulikia chaja.

Kisha akazima, akawasha tena huku akigonga kitufe cha F2, akaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla Windows haijaamka. Aina nyingine zinataka F10 au Delete. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote, hasa mahali ambapo intaneti ni ya kukopa. Pale Windows bado haijaanza, wala programu yoyote uliyoiweka. Kioo kikipepesa hata hapo, hakuna kufomati kutakakokisaidia. Kikitulia hapo na kuanza kupepesa Windows ikishaingia, basi shida iko kwenye programu, na wa kwanza kushukiwa ni dreva ya picha, ile programu inayotafsiri kati ya Windows na kadi ya picha. Hapo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kidirisha cha kusimamia kazi kifunguke. Microsoft yenyewe inaelekeza hivi: kidirisha hicho kikipepesa pamoja na vingine vyote, mshtaki dreva, kikitulia peke yake huku vingine vikipepesa, kuna programu moja inayovuruga.

Laptopu ya mwalimu ilipepesa hata kwenye ukurasa ule. Fundi akaiunganisha na televisheni iliyokuwa ukutani. Kwenye televisheni picha ilikuwa safi kabisa. Basi kadi ya picha ni nzima, ubovu uko kwenye njia ya kwenda kwenye kioo, na zaidi ya hapo: mwalimu sasa anaweza kuona faili zake. Kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kijana akamwomba flashi, wakanakili pointi za madarasa yote matatu. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Kufomati maana yake ni kufuta, na kwa mtu ambaye kazi yake ya muhula mzima iko kwenye diski moja, kufomati kabla ya kunakili ni kumtupia mali yake mtoni.

Katikati ya kunakili, mashini ikaganda. Tukabaki tunatazamana. Kijana akabonyeza Caps Lock na kutazama kitaa chake kidogo. Kikawaka. Akabonyeza tena, kikazimika. "Moyo unapiga," alisema, akangoja.

Kitaa hicho ni kama kidole juu ya mshipa wa mkono. Kwenye laptopu nyingi, ili kiwake, Windows lazima ipokee habari ya kitufe na kuijibu. Kikiitika, mfumo uko hai na umezidiwa tu: diski nzito, RAM iliyojaa, au joto. Kisipoitika, kipanya kimekufa na sauti inarudia kipande kilekile kama kinanda kilichokwama, basi mfumo wenyewe umesimama, na hapo hushukiwa RAM, kadi ya picha au bodi. Kwa RAM, dawa ya kwanza ni ya shuleni: zima, toa betri kama inatoka, chomoa kipande cha RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba safi, rudisha mpaka kilie "ta".

Kuna hali ambapo kupepesa na kuganda ni kitu kimoja kweli. Tangu Windows Vista, mfumo huisubiri kadi ya picha kwa sekunde 2. Isipojibu, Windows huizima na kuiwasha upya: kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, kinarudi, na unafikiri umeota. Ikitokea zaidi ya mara 5 ndani ya dakika moja, Windows inakata tamaa na kuangusha kila kitu. Ukiona kuganda kwanza, kisha weusi, kisha kurudi, kwa mfuatano huo, achana na bawaba. Jaribu dreva nyingine, na kama haisaidii, chipu ya picha ndiyo mgonjwa.

Chipu hiyo inakaa juu ya mamia ya vitone vya risasi ya kuchomelea, ingawa siku hizi si risasi tena. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, na vitone sasa ni bati karibu vyote, na fedha na shaba kidogo. Bati hilo tunalijua sisi. Mawe ya kasiteriti yanachimbwa kwa mikono Malemba-Nkulu, ndani ya mkoa huu huu wa Haut-Lomami, na Manono, kaskazini-mashariki yetu, imeishi kwa bati tangu wakati wa Wabelgiji. Inawezekana kabisa kitone kinachoshikilia chipu ya mwalimu kiliondoka kwenye udongo wa jirani kikiwa ndani ya gunia, kikazunguka dunia, kikarudi kwetu ndani ya mashini iliyotumika.

Chipu ikipata joto inatanuka, ikipoa inasinyaa, na baada ya maelfu ya safari hizo viungo chini yake hupasuka. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 196 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa namna hiyo. Hapo ndipo ilipoenea ile dawa ya kuichoma bodi kwa hewa ya moto au ndani ya oveni. Mashini inafufuka, mwenyewe analipa kwa furaha, na baada ya wiki chache inakufa tena. Fundi anayefanya hivyo bila kumwambia mteja ukweli anauza wiki chache kwa bei ya mwaka.

Ya mwalimu haikufikia huko. Nakala ilipokamilika, kijana aligeuza mashini, akaweka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Hewa haikutoka. Akafungua skrubu za chini, akainua feni, na nyuma yake, kwenye mapezi ya shaba, palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi jekundu. Vumbi la miezi, nyuzi za kitenge, unywele. Alikivuta kwa kibanio kikatoka kizima, kimebeba chapa ya mapezi kama matofali yanavyobeba chapa ya kalibu. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo wake ili isiungue, na mtu wa nje anaita hiyo kuganda. Akabandua ile pasta kavu juu ya chipu, iliyokuwa ngumu kama chokaa, akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Napu alikuwa nayo, ya laptopu ya aina ileile iliyokufa zamani. Alipoitoa ya mwalimu aliinyoosha juu ya karatasi nyeupe: pale ilipokuwa ikipita kwenye bawaba ganda lilikuwa limechubuka, na nyuzi mbili za shaba zimechomoza.

"Mwanangu, nipe hiyo," mwalimu alisema. Kumbe anafundisha fizikia. Akaikunja ndani ya karatasi, akaitia kwenye pochi pamoja na lile blanketi la vumbi, na flashi akaifunga kwenye ncha ya kitenge kama hela ya soko.