Kibodi bila waya kwenye Ubuntu: angalia kabla ya kununua

Kompyuta ya zamani iliyochoka na Windows hupata nafuu ukiitia Ubuntu, mfumo huria wa bure uliotoka 2004 (jina ni utu wetu huu huu). Shida huja kwenye kibodi isiyo na waya.

Ya Bluetooth, ukiiunganisha, skrini hutoa nambari. Ziandike kwa hiyo hiyo kibodi mpya, kisha bonyeza Enter. Wengi hukaa wakangoja, wakadhani imekufa.

Lakini kama diski imefungwa kwa neno la siri, hapo pana kazi. Neno huulizwa kompyuta inapowaka, Bluetooth bado imelala. Unabonyeza, kimya! Picha za harusi na hati za watoto zimo ndani. Azima kibodi ya waya kwa jirani, ingia nayo.

Kwa hiyo ukenda Ruwi kununua, chukua yenye kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Kompyuta huiona kama ya waya, tangu inapowaka. Ikiwa ni Logitech, programu ya Solaar huonesha hata betri iliyobaki. Kiarabu utaongeza kwenye mipangilio; herufi zilizochapwa juu ya vitufe haziamui kitu.